Maumivu sugu ya kisigino: Upasuaji ni hatua ya mwisho

MAUMIVU ya kisigino ni miongoni mwa matatizo yanayowasumbua watu wazima wengi, hasa wale ambao kazi zao huwalazimu kusimama kutwa nzima, wakiwamo walimu, wauguzi, askari na wauza maduka. Kwa kawaida maumivu hayo huwa makali mgonjwa anapokanyaga chini kwa mara ya kwanza asubuhi, hupungua anapotembea kidogo, kisha hurejea jioni.

Chanzo kikuu ni kuathirika kwa utando mgumu wa unyayo, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kuishia karibu na vidole, ukishikilia uvungu wa unyayo mithili ya kamba ya upinde. Utando huo ukielemewa kwa muda mrefu, hupata michaniko midogo midogo na kuwa mnene mahali unaposhikana na mfupa.

Wagonjwa wengi wanaopigwa picha ya eksirei huelezwa kuwa wana mfupa uliochomoza kama mwiba, nao huamini kuwa ukiondolewa watapona. Hata hivyo, wapo watu wengi wenye mwiba huo wasiosikia maumivu yoyote, na wapo wanaoumwa ilhali hawana.

Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi hupata nafuu bila kupasuliwa, wengi wao ndani ya mwaka mmoja. Tiba yao ni mazoezi ya kunyoosha unyayo na shavu la mguu, viatu vyenye soli laini, kupunguza uzito na dawa za maumivu. Sindano za steroidi hutuliza kwa muda, lakini zikirudiwa mara kwa mara huweza kudhoofisha utando hadi ukakatika.

Upasuaji hufikiriwa pale tiba hizo zinapofuatwa kikamilifu kwa miezi 6 hadi 12 bila mafanikio. Kabla ya hapo, daktari hana budi kuhakikisha kuwa hakuna chanzo kingine, kama ufa katika mfupa, mshipa wa fahamu uliobanwa au ugonjwa wa viungo.

Zipo njia kuu mbili. Ya kwanza ni kukata sehemu ya utando ili kuulegeza, ama kwa kupasua ngozi, ama kwa kupenyeza kamera ndogo kupitia tundu dogo. Utando haukatwi wote, kwani uvungu wa unyayo huweza kushuka na maumivu kuhamia upande wa nje wa mguu. Njia ya pili ni kurefusha msuli wa shavu la mguu, kwa wale ambao msuli huo umekaza na kuuongezea utando mzigo.

Wengi hupata nafuu, lakini si wote. Madhara yanayoweza kutokea ni pamoja na ganzi kutokana na kuumia kwa mishipa ya fahamu, kidonda kupata maambukizi, au maumivu kubaki palepale. Wenye kisukari na wavutaji sigara wamo hatarini zaidi, kwa kuwa vidonda vyao huchelewa kupona.

Kupona huchukua wiki kadhaa, na kurejea katika kazi ya kusimama huweza kuchukua miezi. Kwa anayetegemea kipato cha kila siku, hilo si jambo dogo. Ni vema basi mgonjwa, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, amuulize daktari ni njia ipi itakayotumika, kwa sababu gani, na atakaa muda gani bila kufanya kazi.