Kwa nini kasi ya mashine ya kukereza mbao haibadilishwi ikiwa imezimwa

Katika mashine za kukereza mbao ambazo kasi yake hubadilishwa kwa kuzungusha mpini, mkanda hupita kwenye puli mbili, kila moja ikiwa na visahani viwili. Visahani vya puli ya mota vikikaribiana, mkanda hupanda ukingoni na kasi huongezeka. Puli ya pili, yenye springi, hufanya kinyume chake. Lakini mkanda hauwezi kupanda usipozunguka. Fundi anayelazimisha mpini ilhali mashine imezimwa huubana mkanda na aweza kuvunja vyuma vinavyosukuma visahani.

Mpini ukiwa mzito, mshukiwa wa kwanza ni vumbi la mbao lililogandamana kwenye shafti. Fundi achomoe plagi, afungue kifuniko, asafishe kwa brashi kavu, kisha aukague mkanda: ukiwa na nyufa, ubadilishwe. Asipake grisi, kwani hunasa vumbi lile lile, na uji unaotokea ni taabu kuubandua.

Kabla ya kuzima, kasi irejeshwe chini kabisa. Atakayefuata huenda akafunga gogo zito lisilo mviringo. Likianza kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, laweza kuchomoka na kumpiga usoni.