Je, kidhibiti kimoja chatosha kuchezea michezo yote ya video ya kale?

MASHINE za michezo ya video zilizotamba katika miaka ya themanini na tisini zilikoma kutengenezwa kitambo, lakini michezo yenyewe ingali hai. Siku hizi huchezwa kwenye tarakilishi, rununu na vifaa vidogo kama Raspberry Pi kwa msaada wa programu maalumu ziitwazo emuleta, ambazo kazi yake ni kuiga mwenendo wa mashine hizo za zamani.

Nyingi kati ya programu hizo hutolewa bila malipo. Gharama humkabili mchezaji anapofikia kifaa cha kushika mkononi, yaani kidhibiti, au padi kama wanavyoiita vijana katika vibanda vya michezo mitaani.

Kila mashine ilikuja na kidhibiti chake. Anayetaka kucheza michezo ya Nintendo, Sega na Sony jinsi ilivyokusudiwa na waundaji wake angehitaji kabati zima la vifaa, vingine vikiwa vimechakaa na vingine vikiwa na plagi zisizoingia kwenye tarakilishi yoyote. Ndiposa wengi hujiuliza kama kidhibiti kimoja chaweza kufanya kazi ya vyote, au kama ni kweli kwamba mtaka yote hukosa yote.

Suala hili si la anasa pekee. Utafiti uliotolewa Julai 2023 na shirika la Video Game History Foundation la Marekani ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video ya kale iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Kwa sehemu kubwa ya kazi hizo, emuleta ni mojawapo ya njia chache zilizosalia za kuzifikia. Lakini mchezo ukihifadhiwa na namna ya kuushika mkononi ikapotea, kilichohifadhiwa ni nusu tu.

Safari ya vitufe

Ili kuelewa ugumu wa swali hili, ni muhimu kutazama jinsi vidhibiti vilivyobadilika. Atari 2600, iliyoingia sokoni mwaka 1977, ilitumia kijiti kimoja na kitufe kimoja tu.

Mnamo 1982, mhandisi wa kampuni ya Nintendo, Gunpei Yokoi, alibuni kitufe chenye umbo la msalaba kwa ajili ya mchezo mdogo wa mkononi wa Donkey Kong. Mwaka uliofuata msalaba huo uliwekwa kwenye mashine ya Famicom nchini Japani, pamoja na vitufe viwili, A na B. Tangu hapo kidole gumba cha kushoto kikawa ndicho kiongozi wa mchezaji.

Sega ilizindua Mega Drive mwaka 1988 ikiwa na vitufe vitatu vilivyopangwa kwa safu. Nintendo ikajibu mwaka 1990 kwa Super Famicom, iliyokuwa na vitufe vinne vya upande wa kulia pamoja na viwili vya mabegani. Baada ya mchezo wa kupigana wa Street Fighter II kuvuma kote duniani, Sega ililazimika kutoa kidhibiti cha vitufe sita mwaka 1993, kwa kuwa mchezo huo una ngumi tatu na mateke matatu, kila moja ikihitaji kitufe chake.

PlayStation ya Sony iliingia sokoni Desemba 1994 ikiwa na vitufe vinne vya mabegani badala ya viwili. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilileta kijiti cha kidole gumba kinachotambua si upande tu, bali pia kiasi cha kusukumwa. Mwaka 1997 Sony ikaunganisha yote hayo katika DualShock: msalaba, vitufe vinne, vinne vya mabegani, vijiti viwili na mtetemo.

Hapo ndipo penye ufunguo wa jibu. Kidhibiti chenye umbo la DualShock kina vitufe vya kutosha kutimiza mahitaji ya karibu kila mashine iliyokitangulia. Haikuwa sadfa kwamba RetroArch, mojawapo ya programu maarufu za kuigiza mashine za kale, hutumia kidhibiti cha kufikirika chenye mpangilio huo huo. Mchezaji huoanisha kifaa chake na hicho cha kufikirika mara moja, kisha programu hutafsiri kila kitufe kulingana na mashine inayoigwa.

Msalaba kwanza

Hata hivyo, kuwa na vitufe vya kutosha si sawa na kuwa na vitufe vizuri. Kwa michezo iliyotungwa kabla ya mwaka 1996, kiungo muhimu kuliko vyote ni msalaba. Mchezaji wa Super Mario Bros au Sonic hugusa msalaba huo mamia ya mara katika dakika chache, na msalaba mlegevu humtuma juu alipotaka kwenda kulia.

Mfano mzuri ni kidhibiti cha Xbox 360 cha mwaka 2005. Kilisifiwa kwa vijiti vyake na jinsi kinavyotulia mkononi, lakini msalaba wake ulilalamikiwa sana kwa kukosa uhakika wa upande, hata Microsoft ikatoa toleo lenye msalaba uliobadilishwa mwaka 2010.

Mahali msalaba ulipowekwa pia ni jambo la kuzingatia. Katika vidhibiti vya Xbox, kijiti cha kushoto ndicho kilicho juu, pale kidole gumba kinapotua chenyewe, nao msalaba uko chini yake. Mpangilio huo huwafaa wanaocheza michezo ya kisasa. Anayecheza michezo ya zamani kwa saa nyingi atachoka haraka akilazimika kukunja kidole kuufikia msalaba. Kwake, vidhibiti vya Sony, ambavyo msalaba wake uko juu, huwa na nafuu.

Kampuni ya 8BitDo kutoka Shenzhen, Uchina, ilijijengea jina kwa kuchukua umbo la kidhibiti cha Super Famicom na kukiongezea vijiti viwili na vitufe vya mabegani. Kidhibiti chake cha Pro 2, kilichotoka mwaka 2021 kwa takriban dola 50 nchini Marekani, kina swichi ya kuchagua kama kinatumiwa na Windows, Android, vifaa vya Apple au Nintendo Switch. Betri yake hutolewa, na mahali pake mtumizi aweza kutia betri mbili ndogo za kawaida, jambo la manufaa panapokosekana umeme.

Vifyatulio na vijiti

Mnunuzi achunguze pia vifyatulio, yaani vile vitufe vya nyuma vinavyobonyezwa kwa kidole cha shahada. Vipo vinavyotambua kiasi cha kubonyezwa, na vipo ambavyo ni swichi tu, ama vimewaka ama vimezima.

Kwa michezo ya miaka ya themanini tofauti hiyo haina uzito. Kwa Dreamcast ya mwaka 1998 na GameCube ya mwaka 2001, uzito wake ni mkubwa. Katika Super Mario Sunshine, kwa mfano, mchezaji anayebonyeza kifyatulio nusu hunyunyiza maji huku akikimbia, ilhali akikibonyeza hadi mwisho husimama na kulenga shabaha. Kidhibiti chenye vifyatulio vya swichi, kama kile cha Nintendo Switch Pro, hakiwezi kutofautisha hali hizo mbili bila mchezaji kutenga kitufe kingine.

Kuhusu vijiti, adui mkubwa ni kuchakaa. Vijiti vingi hutegemea vipande vinavyosuguana ndani, na baada ya muda mhusika mchezoni huanza kutembea mwenyewe bila kuguswa. Dawa yake ni vijiti vinavyotumia sumaku bila msuguano. Sega iliitumia teknolojia hiyo katika Dreamcast, na katika miaka ya hivi karibuni imerejeshwa na kampuni kama GuliKit na 8BitDo. Anayenunua kifaa cha kudumu afadhali aulizie jambo hili kabla ya kuulizia rangi.

Majina yanayogongana

Tatizo linalowatatiza wengi ni la majina. Nintendo huweka A upande wa kulia na B chini. Microsoft hufanya kinyume chake, A ikiwa chini na B kulia. Basi mchezo wa kale ukisema bonyeza A, mchezaji mwenye kidhibiti cha Xbox aweza kubonyeza kitufe kisichofaa.

Ushauri hapa ni kufuata mahali, si herufi. Michezo ya Nintendo ilitungwa kwa kuzingatia jinsi kidole gumba kinavyolala: ncha yake ikikandamiza kitufe kimoja cha kukimbia, kiungo chake kinabonyeza kingine cha kuruka. Ukifuata herufi badala ya mahali, mkao huo huvunjika na mchezo uliokuwa mwepesi huwa mateso.

Kadhalika, vitufe vinne vidogo vya manjano vya Nintendo 64 huhamishiwa kwenye kijiti cha kulia. Vitufe sita vya Sega hutoshea kwa kutumia vinne vya kulia na viwili vya mabegani. Mpango huu hufanya kazi, ingawa si mtamu kwa mpenzi wa michezo ya kupigana, ambaye huenda akahitaji kidhibiti cha pili chenye vitufe sita usoni, kama vile M30 ya 8BitDo. RetroArch humruhusu mtumizi kuhifadhi mpangilio tofauti kwa kila mashine, na hata kwa kila mchezo.

Waya au hewani?

Mashine nyingi za zamani zilichora picha 60 kwa sekunde nchini Japani na Marekani, na 50 katika nchi zilizotumia mfumo wa runinga wa PAL, Kenya ikiwemo. Kila picha hudumu kati ya milisekunde 16 na 20 tu. Kidhibiti kikichelewesha amri kwa muda huo, kisha runinga ya kisasa ikaongeza ucheleweshaji wake, mchezaji ataruka shimo akiwa tayari ametumbukia.

Waya wa USB ndiyo njia ya uhakika, na huondoa pia wasiwasi wa betri. Bluetooth inatosha kwa michezo mingi, lakini ubora wake hutofautiana kulingana na kifaa. Kabla ya kulaumu kidhibiti, mtumizi awashe kwanza mpangilio wa michezo kwenye runinga yake. Mara nyingi chanzo cha ucheleweshaji huwa ni runinga yenyewe.

Mipaka

Hakuna kidhibiti kimoja kinachoweza yote. Bastola ya Nintendo iliyotumiwa kuwinda bata katika Duck Hunt ilitegemea jinsi runinga za kale za kioo kinene zilivyochora picha, na haifanyi kazi kwenye runinga bapa. Michezo ya Wii ya mwaka 2006 ilihitaji mchezaji kupunga mkono.

Vitufe vya PlayStation 2 navyo vilitambua nguvu ya kidole. Katika Metal Gear Solid 2 ya mwaka 2001, mchezaji aliyekiachilia kitufe polepole aliishusha bunduki bila kufyatua risasi. Sony iliacha ufundi huo ilipotoa DualShock 4 mwaka 2013, kwa hivyo anayetaka kuucheza mchezo huo barabara hulazimika kutafuta DualShock 2 au 3 ya asili. Awe macho, kwani vidhibiti bandia vyenye jina hilo vimejaa sokoni na si vyote vyenye uwezo huo.

Vilevile, kuna suala la sheria. Mnamo mwaka 2000, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix kwamba kuunda programu inayoiga mashine ya mwingine si kosa kwenyewe. Lakini michezo yenyewe ni mali ya wenyewe. Humu nchini, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda programu za tarakilishi kama inavyolinda vitabu. Uhalali wa emuleta haumpi mtu ruhusa ya kusambaza nakala za michezo.

Kwa jumla, mnunuzi aanze kwa kuorodhesha michezo anayoipenda kabla ya kuingia dukani. Ikiwa mingi ni ya kabla ya 1996, atafute msalaba ulio imara na uliowekwa juu, wala asilipie vijiti vya kifahari. Ikiwa ni ya Dreamcast na GameCube, vifyatulio vinavyopima nguvu ni lazima. Ikiwa anataka mchanganyiko, kidhibiti chenye umbo la DualShock, msalaba mzuri, vifyatulio vya kupima nguvu na waya wa USB kitamfaa kwa sehemu kubwa ya michezo iliyotungwa katika karne iliyopita.

Akiweza, akishike kifaa mkononi kabla ya kutoa pesa. Auviringishe msalaba kwa kidole gumba, asikilize kama kila upande unaitikia, kisha abonyeze pande mbili kwa pamoja. Rahisi mara nyingi huwa ghali, na kidhibiti kibovu humfanya mtu aamini kuwa mchezo alioupenda utotoni ulikuwa mbovu, ilhali kasoro imo katika kilicho mikononi mwake.