Kila Mwanamume Ana Tezi Dume

Mzee akianza kukawia chooni, mitaa ya Kirumba, jijini Mwanza, husema ana tezi dume, kana kwamba wanaomsema wao hawana. Tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo ambacho kila mwanamume huzaliwa nacho, na kwa mtu mzima huwa kama ndimu ndogo, chini ya kibofu, kikiuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Kosa hilo la jina linaonekana dogo, lakini limeyatia kapu moja magonjwa matatu yasiyofanana: maambukizi, kutanuka kwa tezi na saratani. Anayeyachanganya huogopa pasipo na hatari, kisha hujiona salama palipo na hatari.

Maambukizi humpata hata kijana, huja na maumivu, pengine homa, na hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria. Kutanuka ni jambo la umri: huwapata karibu nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60, ingawa si wote husumbuliwa. Tezi hukua kwa ndani na kuubana mrija, kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji. Ndipo mkojo hukawia kuanza, hukatika njiani, huacha matone kwenye suruali, na usiku haulaliki. Hali hii haigeuki kuwa saratani. Ina dawa, na upo upasuaji unaopitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo. Saratani, kinyume chake, mara nyingi huanzia pembezoni mwa tezi, mbali na mrija, hivyo yaweza kukaa miaka bila kumsumbua mtu chooni. Mbeba magunia ya dagaa pale mwaloni huenda akaisikia kwanza mgongoni, imeshafika kwenye mifupa, naye akaulaumu mzigo.

Wapo wanaosema kipimo cha damu cha kuichunguza saratani hii, PSA, hakiaminiki. Ni kweli kwamba hupanda hata kwa maambukizi au kutanuka; ndiyo maana hakitoi hukumu, bali humwonyesha daktari nani achunguzwe zaidi, hata kwa kutolewa kipande kidogo cha tezi kikapimwe. Wengine husema saratani hii hutambaa, na wazee wengi hufa nayo bila kuuawa nayo. Hilo nalo ni kweli, na zipo zinazofuatiliwa tu bila kutibiwa. Lakini ya polepole na ya kasi hazijulikani kwa kukisia, na hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania. Nelson Mandela aligunduliwa nayo mwaka 2001, akatibiwa, akaishi hadi 2013. Kuhusu aibu ya kupimwa na daktari kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, tukumbuke kwamba kidole hugusa upande uleule wa pembezoni ambako saratani hupenda kuanzia, na shughuli hiyo haimalizi dakika mbili.

Basi mwanamume aliyefikisha miaka 50, au 45 ikiwa baba au kaka yake aliugua saratani hii, azungumze na daktari kuhusu kupima bila kusubiri dalili. Hospitali ya Bugando ipo pale kilimani tangu 1971. Ukifika, usiulize kama una tezi dume, kwani unayo. Uliza ina hali gani.