Kabla ya Kubonyeza "Fomati"

Wapiga video wa harusi na mazishi mjini Keroka, pale mpakani mwa Kisii na Nyamira, wanaijua lawama hii: mteja ameleta flashi ya GB 32, tupu kabisa, na kompyuta inakataa kuipokea video ya GB 6 ikidai faili ni kubwa mno. Mteja anaondoka akiamini ameuziwa flashi bandia, ilhali mara nyingi flashi ni nzima. Shida ni namna ilivyofomatiwa.

Kila diski huwa na mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kuweka kumbukumbu ya majina ya faili, ukubwa wake na mahali vipande vyake vilipo. Ni kama daftari la karani wa kituo cha kununulia majani chai: kilo zote zimo, lakini asiyeujua mwandiko wake haambulii kitu. Flashi ya mteja mara nyingi hutumia FAT32, mfumo ulioingia na Windows 95 mwaka 1996, ambamo ukubwa wa faili moja umetengewa biti 32 tu. Biti hizo haziwezi kuhesabu zaidi ya baiti 4,294,967,295, kwa hiyo faili ya GB 4 haiingii hata nafasi ikiwa tele.

Windows yenyewe hutumia NTFS, iliyoanza mwaka 1993. Mac huisoma, lakini kwa kawaida haiandiki humo: faili unaziona, unazifungua, ila kuongeza moja hakuwezekani. Linux huandika, isipokuwa katika hali moja inayowasumbua wengi wenye Windows na Linux kwenye kompyuta moja. Windows za siku hizi, ukizizima, mara nyingi hazizimiki kabisa; huhifadhi sehemu ya kazi yake diskini ili ziwake haraka. Linux ikiona alama ya hali hiyo hukubali kusoma tu, na hufanya vyema, maana kuandika kwa nguvu hapo kwaweza kuvuruga data. Rudi kwenye Windows, uizime huku umeshikilia kitufe cha Shift, kisha ujaribu tena.

Linaloniuma zaidi ni la diski za Mac. Jamaa zetu wengi wanaishi Minnesota, na mmoja wao akija likizo na diski yenye picha za familia, huichomeka kwenye kompyuta ya Windows hapa nyumbani. Windows haiujui mfumo wa Mac, APFS wala HFS+, lakini haisemi "sielewi". Mara nyingi inasema diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Tafadhali, usikubali! Diski haijaharibika. Bonyeza "Cancel", ichomoe, utafute Mac. Ikiwa tayari umebonyeza, usiongeze chochote humo: programu za kuokoa data huenda zikapata sehemu, maadamu faili mpya hazijaandikwa juu ya za zamani.

Kwa diski ya kuhamahama, mimi hupendekeza exFAT, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006. Haina kikomo cha GB 4. Mac inaiandika tangu toleo la 10.6.5 la mwaka 2010, na Linux iliipokea katika kiini chake kuanzia toleo la 5.4 la mwaka 2019. Nakili kwanza kila kilichomo kwenye diski, kwa kuwa kufomati hukiondoa chote. Ujue pia kwamba exFAT haiweki kumbukumbu ya kazi inayoendelea kama NTFS. Stima ikipotea katikati ya kunakili, au flashi ikichomolewa bila kuagwa na kompyuta, faili zaweza kuharibika.

Halafu kuna televisheni na redio za matatu, ambazo nyingi, hasa za zamani, hazijui exFAT. Kwa hiyo mpiga video amuulize mteja mapema: itachezwa wapi? Akitaja televisheni ya zamani ya nyumbani, flashi ibaki FAT32 na harusi ikatwe vipande vya chini ya GB 4, kanisani peke yake, ukumbini peke yake.