Taifodi Kila Mara? Hukmu Ya Kuthibitisha Maradhi Kabla Ya Dawa



Baada ya darsa huko Mnazi, wilaya ya Lushoto, chini ya milima ya Usambara, mama mmoja aliniuliza: "Shekhe, mwanangu ameambiwa ana taifodi mara tatu mwaka huu. Kila mara anapimwa damu, anapewa dawa, homa inarudi. Je, nisubiri tu?" Suala hili tunalisikia pia Unguja na Pemba.

Taifodi huletwa na bakteria Salmonella Typhi, anayeingia kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Kipimo kilichozoeleka ni Widal, kilichoanza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe, bali kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopigana naye. Askari hao hubaki miezi kadhaa baada ya mtu kupona, na huweza kuonekana kwa sababu ya maradhi mengine, ikiwemo malaria. Kwa hiyo jibu moja la Widal si ushahidi wa kutosha.

Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara kwa siku kadhaa, nayo ichukuliwe kabla ya kumeza antibayotiki. Huko Pemba, Maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi imewahi kuchunguza taifodi kwa njia hii. Kipimo hiki nacho hukosa takriban nusu ya wagonjwa, hivyo daktari hutazama na dalili. Lakini bakteria akiota, hujulikana pia dawa ipi inamuua.

Anayeharisha damu hupimwa choo. Ama kipindupindu, usisubiri majibu: mpe mgonjwa maji ya ORS papo hapo na umkimbize hospitali.

Qur-aan imetuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na Mtume ametuhimiza kujitibu. Hivyo kusubiri tu si tawakkul. Mzazi amuulize daktari kwa adabu: malaria imepimwa? Damu inaweza kuoteshwa? Wala asinunue antibayotiki kwa kukisia, au kuacha dozi katikati.

Tanbihi: maji yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu yanafaa kwa udhu, lakini yanaweza kubeba bakteria. Utwahara ni jambo moja, usalama wa kunywa ni jingine. Yachemsheni.

Wa Allaahu A'lam.