Pikapu ya Miraa Italikuta Lori Wapi?

Msomaji wetu wa Nkubu anauliza: lori la ndizi likitoka Meru kuelekea Embu kwa kilomita 60 kwa saa, na pikapu ya miraa ikatoka nusu saa baadaye kwa kilomita 100 kwa saa, italikuta wapi?

Haraka ya pikapu haihitaji maelezo marefu: kathinoni, kemikali ya miraa inayochangamsha, huvunjika jani linaponyauka, na ndege ya kuipeleka miraa hiyo Mogadishu haingoji. Twende kwenye hesabu, ndiko kwenye utamu.

Pikapu inapowasha injini, lori liko kilomita 30 mbele. Wengi hukwama hapa, maana magari yote mawili yanakimbia. Mfikirie mteja mwenye deni la shilingi 30 dukani. Kila saa analipa 100, na saa hiyohiyo anakopa 60 nyingine. Mwenye duka hasumbuki na 100 wala 60. Anatazama 40 zinazopungua daftarini. Kwa mwendo huo, deni litaisha kwa dakika 45. Mteja angelipa 61 tu, deni lilelile dogo lingemchukua saa 30!

Hizo 40 wataalamu wangeziita kasi linganishi. Mimi napendelea "kasi ya kukuta", dereva ataielewa bila mwalimu. Dakika 45 kwa kilomita 100 kwa saa ni kilomita 75. Jibu basi: pikapu italikuta lori ikishaipita Chuka. Miteremko na kona za daraja la Nithi zitavuruga kidogo, lakini kanuni ni ileile.

Sasa pikapu inataka kulipita lori. Kutoka nyuma yake hadi kurudi salama mbele yake, tuseme ni mita 60. Kasi ya kukuta ni mita 11 kwa sekunde, hivyo itachukua kama sekunde 5.4. Kwa muda huo pikapu yenyewe imekula mita 150 za lami. Matatu inayokuja kwa kilomita 80 kwa saa, ukomo wake kisheria, imekula 120. Hapo kasi hazitoani, zinajumlishwa: mita 270 zimekwisha, na hakuna hata moja ya akiba.

Dereva, kama huoni barabara tupu inayozidi hizo kwa mbali, kaa nyuma ya lori.