Mashine ikiongezwa nguvu, vipimo hukatika

WAFANYABIASHARA wa korosho wenye ofisi Shangani, mjini Mtwara, wanaoongeza uwezo wa kompyuta zao za kukodi kabla ya msimu wana gharama moja isiyoandikwa kwenye ankara: kukatika kwa kumbukumbu za utendaji wa mashine.

Jambo hilo limepata uzito tangu msimu wa 2024/25, minada ya korosho ilipoingia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi ambaye hesabu zake za ghala, usafiri na fedha ziko kwenye kompyuta iliyozidiwa hutaja bei kwa kubahatisha.

Kompyuta za namna hiyo, ziitwazo mashine pepe, hazina kasha lake. Kila moja ni sehemu iliyotengwa ndani ya kompyuta kubwa, na mpangaji anaweza kupandisha prosesa kutoka mbili hadi nne kwa muda mfupi. Hapo ndipo tatizo huanza.

KIPIMO KIMEBADILIKA

Programu ya sysstat, itumikayo sana kwenye Linux, kwa kawaida huchukua vipimo kila dakika 10 na kuviweka katika faili moja kwa siku. Mwanzoni mwa faili huandikwa idadi ya prosesa. Idadi hiyo ikibadilika katikati ya siku, baadhi ya matoleo ya zamani hukataa kuongeza vipimo katika faili lile. Mashine inachapa kazi, lakini hakuna kinachoandikwa, na pengo hugunduliwa siku takwimu zinapotakiwa.

Hata pale faili linapoendelea, kulinganisha kunapotosha. Kazi iliyokuwa ikila asilimia 80 ya prosesa mbili huonekana kula kama asilimia 40 ya prosesa nne. Biashara haijashuka. Ni sawa na kulinganisha bei ya gunia na bei ya kilo.

Kadi ya mtandao au diski ikibadilishwa, nayo huweza kupata jina jipya, na mchoro uliozoeleka ukabaki mtupu.

LA KUFANYA

Fundi ahifadhi faili la siku kwa jina jingine, kisha aanzishe jipya. Amri ya kulazimisha itumiwe kwa tahadhari, kwani yaweza kufuta vipimo vilivyokwisha kukusanywa siku hiyo. Tarehe, saa na idadi mpya ya prosesa ziandikwe daftarini. Kazi yote ikamilike kabla ya minada kufunguliwa Oktoba.

Mpangaji hulipa kila mwezi. Vipimo vya kabla na baada ya badiliko ndivyo vitakavyomwonyesha kama prosesa mbili za ziada zilihitajika. Akivikosa, ataendelea kuzilipia hata baada ya korosho kwisha ghalani.